Kamera ya Kuutafuta Mwezi

Mwisho wa Shaabani iliyopita nilimwonyesha imamu wetu picha ya "hilali". Kumbe ilikuwa ni chembechembe za picha iliyokuzwa kidijitali. Watu wangefunga kwa kosa langu. Basi tujifunze.

"Mara 125" ni urefu wa mwisho wa lenzi kugawanywa kwa wa mwanzo. Kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, Nikon P1000 huvuta toka milimita 24 hadi 3000. Canon SX70, mara 65, toka 21 hadi 1365. Sony RX10 IV, mara 25 tu, hufika 600, lakini kihisi mwanga chake ni kikubwa, hivyo hustahimili magharibi yenye giza. Ukuzaji wa kidijitali usiuhesabu. Hukata picha tu.

Kwenye milimita 3000 mwezi hujaza picha. Ukikosea kidogo, umeupoteza. Ngoja jua litue kabisa, simamisha kamera kwenye stendi, anza lenzi ikiwa pana, kisha vuta polepole.

Na tukumbuke: lenzi hiyo hufika hata dirishani kwa jirani. Sura Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Tuielekeze kwenye hilali.