Jicho Lililojeruhiwa na Hadhari ya Pepopunda

Mkulima apaliliaye shamba, fundi achongaye mawe na mtoto achezaye kando ya zizi, wote yamkini kupatwa na jeraha dogo la jicho, ambalo aghalabu hudharauliwa kwa kuwa maumivu yake hupoa upesi, ilhali udongo ulioingia pamoja nalo ungali ndani.

Pepopunda huletwa na bakteria ambao mbegu zao hudumu miaka mingi katika udongo na samadi, na zikizama katika nyama iliyokosa hewa huchipua, zikatoa sumu ishikayo mishipa ya fahamu. Insafu yatulazimu kusema kwamba mkwaruzo wa juujuu wa utando mwangavu wa jicho ni nadra mno kuleta maradhi haya. Hatari ipo katika jicho lililotobolewa na mwiba, kijiti au waya, na katika kope iliyopasuka ikaingia taka. Dalili hudhihiri baina ya siku 3 na 21, na kwa jeraha la kichwani huwahi zaidi: pengine upande mmoja wa uso hulegea, kisha taya hukaza, shingo hukakamaa na kumeza huwa taabu.

Vumbi lioshwe kwa maji safi bila kulifikicha jicho. Ikiwa ni chokaa au dawa ya wadudu, maji yamiminwe robo saa au zaidi kabla ya kushika njia ya zahanati. Mwiba uliokwama usichomolewe nyumbani, bali jicho lifunikwe kwa kikombe safi kisicholigusa. Nawasihi sana msitie maziwa ya mama, mkojo, wala maji ya majani, kwani jicho ambalo lingepona kwa siku chache huoza kwa tiba hizo, likabaki na kovu jeupe.

Mwaka 1890, watafiti Behring na Kitasato walibainisha mjini Berlin kuwa sumu ya pepopunda ina kinga. Leo, Tanzania na Kenya, mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na mama mjamzito huchanjwa kliniki. Bali mwanamume mzima, ambaye jembe na tindo ndiyo kazi yake, hana kliniki imwitayo, na pengine hajachanjwa tangu utotoni. Kwa jeraha lenye uchafu, aliyepitisha miaka 5 tangu sindano ya mwisho yampasa nyingine, na asiyekamilisha chanjo huongezewa dawa ya kuikabili sumu yenyewe. Basi nendeni zahanati siku hiyo hiyo mkiwa na kadi ya chanjo. Na kadi ikiwa imepotea, mwambieni tabibu wazi, naye atamhesabu majeruhi kuwa hajachanjwa.