Sindano ya Mgongo Wakati wa Kujifungua kwa Upasuaji: Tuielewe Kwanza

Akina mama wengi wa kwetu hapa Uingereza huuliza: "Dada, sindano ya mgongo si italemaza?" Wengine huomba nusu kaputi kwa hofu hiyo tu. Leo tuizungumzie.

NI NINI?
Nusu kaputi hukulaza kabisa. Sindano ya mgongo hutia ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, nawe unabaki macho. Daktari Mjerumani August Bier aliitumia kwa upasuaji mwaka 1898. Sindano ni nyembamba, na huchomwa kiunoni, chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni unapokoma. Ndiyo maana kupooza ni nadra sana.

KWA NINI HUPENDELEWA?
Mjamzito akilazwa usingizi, tindikali ya tumboni inaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ukiwa macho hatari hiyo hupungua, unamsikia mtoto akilia, na kwa kawaida mumeo anaruhusiwa kukaa nawe. Nusu kaputi hubaki kwa dharura isiyosubiri, au kama damu yako haigandi vizuri.

UTAJISIKIAJE?
Miguu hupata joto, kisha huwa mizito. Utahisi kuguswa na kuvutwa, lakini si maumivu. Ukiumia, sema papo hapo. Presha inaweza kushuka, ukasikia kichefuchefu au kutetemeka. Wauguzi wapo kukusaidia. Ganzi huisha baada ya saa chache.

MWELEZE DAKTARI WA USINGIZI
- Dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda.
- Dawa zinazokudhuru.
- Ugonjwa wa moyo, au upasuaji wowote wa mgongo.

Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani mapema. NHS haikutozi kitu. Usimtegemee mtoto wako kutafsiri.

BAADA YA HAPO
Palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu huwapata hata waliojifungua bila sindano hii, kwani mimba yenyewe huchosha mgongo. Ila usikae kimya ukipata:
- kichwa kinachouma sana ukikaa na kupoa ukilala (kina tiba);
- homa na shingo kukaza;
- miguu kubaki na ganzi au kukosa nguvu;
- mkojo kukataa kutoka.

Piga simu hospitali siku hiyo hiyo, usingoje miadi. Uamuzi ni wako, mama. Uamue ukiwa unajua. Mungu awajalie mjifungue salama.