Kompyuta ya Stoo na Sauti Tano

Nilipokuwa field Bilele, pale Bukoba, nilipewa Fizikia Kidato cha Nne, mada ya mawimbi. Maabara ilikuwa na kamba na springi, basi. Cha kuonyeshea mawimbi ya sauti hakikuwepo, na mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi. Stoo kulikuwa na kompyuta nne za Windows XP zinangoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Moja ikawaka.

Nikaiwekea FamiTracker, programu ya bure na nyepesi ya kutungia muziki kwa sauti za Family Computer ya Nintendo, mashine ya gemu iliyotoka Japani mwaka 1983. Wengi wetu tumecheza nakala zake, zile za kaseti za njano. Nilipobonyeza noti ya kwanza tu, darasa zima: "Ticha, hiyo si Contra?" Muziki wa aina hii duniani unaitwa chiptuni.

Chipi ile ina sauti tano tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya kucheza vipande vifupi vilivyorekodiwa. Hapo ndipo fizikia inapoingia. Katika toleo la Japani na Marekani, saa ya chipi hupiga mara 1,789,773 kwa sekunde. Kupata noti ya wimbi la mraba, gawanya namba hiyo kwa 16 × (t + 1), ambapo t ni namba unayoipa chipi. Ukiweka t = 253, unapata takriban Hz 440.4, karibu kabisa na ile 440 ya kuoanishia ala. Wimbi la pembetatu hugawanywa kwa 32 badala ya 16, kwa hiyo t ileile inatoa Hz 220.2, oktava moja chini. Niliwafanya wapige hesabu kwanza, ndipo wasikilize. Walioamini hesabu zao walikuwa wachache.

Halafu ubora wa sauti, ambao kitabuni tulikuwa tunakariri tu. Wimbi la mraba likiwa juu nusu ya muda, sauti inakuwa nene na yenye uwazi ndani. Likiwa juu asilimia 12.5 tu ya muda, inatokea puani. Frikwensi ileile, umbo tofauti. Hapa sikuhitaji kueleza sana.

Kutunga kulinishinda mwanzoni. Nilitaka kunakili bongo fleva yenye vinanda vitatu, besi na ngoma, wakati sauti za kuimbia melodi ni mbili. Kelele nayo niliijaza mpaka ikawa kama mvua ya Bukoba juu ya bati. Kilichonisaidia ni enanga. Mpigaji ana kamba chache juu ya kibao kilichochimbwa, anazidonoa mojamoja huku anaimba, na bado msikilizaji haoni pengo. Chipi inafanya vilevile kwa kasi: ukiandika 047 kwenye safu ya athari, noti moja inaruka hatua 0, 4 na 7 za nusu-sauti, ikibadilika mara 60 kwa sekunde. Sikio linasikia kodi nzima inayotetemeka, na umetumia sauti moja tu. Ukitaka ya huzuni, andika 037.

Ngoma kubwa niliipata kwenye pembetatu, kwa kuteremsha noti haraka sana. Gharama yake: besi inanyamaza kila ngoma inapolia, kwa sababu zote zinagombea chaneli moja. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini tusipunguze besi badala ya kuikata. Haiwezekani, pembetatu ya chipi hii haina kidhibiti cha ukubwa wa sauti. Inalia au inanyamaza.

Mkuu wa idara alikuja kusikiliza kipindi cha tatu. Zile kompyuta tatu mbovu ziliuzwa. Hii ya nne ilihamishiwa maabara.

Kama una laptopu kuukuu, anza na hili: wimbi la mraba, t = 338. Piga hesabu kabla hujabonyeza.