Chuchu ya Mpira ya Mtoto na Vumbi la Nakuru

Msomaji aliyewahi kungoja gari mjini Nakuru mwezi wa Januari ameliona jambo hili kwa macho yake mwenyewe. Mama amembeba mtoto mgongoni, na mtoto ananyonya ile chuchu ya mpira isiyo na chupa wala maziwa, inayotiwa kinywani ili atulie. Mara mtoto apiga chafya, chuchu yaanguka chini. Mama ainama, aiokota, aipangusa kwa pembe ya leso, kisha amrudishia mtoto kinywani. Mtoto anyamaza, matatu yaja, na safari yaendelea. Mama huyo si mzembe. Amefanya lile ambalo karibu kila mtu hulifanya. Lakini katika nusu dakika hiyo mtoto amelishwa yote yaliyokuwa juu ya ardhi pale, kwa maana leso haikuondoa ila kile kinachoonekana.

Husemwa kwamba jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mtu akikaa huku tangu Januari hata mwanzo wa mvua za masika haoni sababu ya kubisha. Upepo huliinua vumbi kutoka ufukoni mwa ziwa, kutoka mashamba yaliyolimwa ya Njoro na Rongai, na kutoka barabara zisizo na lami. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe mwepesi uliofanywa na maganda ya mimea midogo mno iliyoishi majini zamani sana, na unga wake hupeperuka kama unga wa mahindi. Lakini udongo wenyewe si adui mkubwa. Adui ni yale yaliyochanganyika nao: mavi ya kuku na ya mbuzi, makohozi, maji machafu ya mifereji, na uchafu unaochukuliwa na viatu kutoka vyooni. Chuchu iliyotoka kinywani imelowa mate, basi yanasa vitu hivyo kama gundi.

Tena fikirini mtoto mwenyewe ni wa umri gani. Mtoto wa miezi 3 anayenyonya maziwa ya mama peke yake hali kitu kingine, hanywi maji, wala hatambai chini. Mama amemfungia milango yote ya uchafu, kisha mlango mmoja umeachwa wazi, nao ni chuchu. Kuhara ni mojawapo ya maradhi yanayoua watoto wengi wadogo katika Kenya, na mtoto mchanga hana akiba ya maji mwilini kama mtu mzima. Anayeanza kuhara asubuhi aweza kuwa amelegea kabisa ifikapo jioni.

Yafaa tuseme kwanza kwamba si lazima mtoto awe na chuchu hata kidogo. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mashauri 10 ya kuwasaidia akina mama kunyonyesha, na mojawapo lilikataza kuwapa watoto wanaonyonya chuchu za bandia. Mwaka 2018 shauri hilo lilibadilishwa: sasa wauguzi waagizwa kumweleza mama matumizi na hatari za chupa na chuchu hizo, ili naye aamue akijua. Hatari ya kwanza ni kwamba mtoto mwenye njaa hutulizwa kwa mpira badala ya kunyonyeshwa, na matiti yasiponyonywa hupunguza maziwa. Kwa hiyo mama anayenyonyesha, akipenda kutumia chuchu, angoje mpaka kunyonya kuwe kumeshika vema, yaani yapata mwezi mmoja tangu kuzaliwa. Tena asimpe mtoto chuchu kabla hajajua kama analilia ziwa. Baada ya hayo, mwenye kuitumia aitumie kwa usafi, na usafi huo una sehemu mbili: kuichemsha na kuihifadhi.

Kuchemsha watu wengi wanakujua, ila hukosea katika mwanzo na mwisho wake. Kabla ya kuchemsha ni sharti chuchu ioshwe kwa sabuni na maji safi, ikiminywaminywa kwa vidole, maana mate na maziwa yaliyokauka hufanya utando, na vijidudu hujificha chini yake. Msiisugue kwa majivu wala mchanga. Mpira hupata mikwaruzo, na mikwaruzo huwa nyumba ya uchafu. Kisha itiwe katika sufuria ndogo, izame yote majini, sufuria ifunikwe, na maji yakianza kutokota hasa ndipo zihesabiwe dakika 5. Jiko lisiachwe bila mtu, kwani maji yakikauka mpira huungua, na chuchu iliyoungua haifai tena.

Hapa wenyeji wa Bonde la Ufa wana jambo lao ambalo watu wa Mombasa hawana haja ya kulifikiri. Maji hayachemki kwa moto ule ule kila mahali. Pwani, penye usawa wa bahari, huchemka yafikapo nyuzi 100 za Selsiasi. Mji wa Nakuru uko juu yapata mita 1,850, na hapo maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Huko Molo, panapozidi mita 2,400, hutokota kwenye nyuzi 92 au karibu na hapo. Sababu ni kwamba kadiri mtu apandavyo mlima hewa hupungua uzito, na maji hupata nafasi ya kugeuka mvuke upesi. Ndiyo maana maharagwe ya Molo hukawia jikoni. Basi je, vijidudu havifi? Hufa, kwani vile viletavyo kuhara havistahimili hata nyuzi 70 kwa muda mrefu. Lakini mtu wa milimani asione mapovu mawili matatu akaepua sufuria. Atimize dakika zake 5, na akiongeza mbili hakuna hasara ila makaa kidogo.

Na kwa kuwa tumetaja maji, wengine watauliza juu ya floraidi, ile chumvi iliyomo katika visima vingi vya Nakuru, Njoro na Naivasha ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yakipungua kwa mvuke hiyo chumvi huzidi kukolea. Hilo ni jambo kubwa kwa maji ya kunywa. Kwa kuchemshia chuchu si neno, maana mtoto hayanywi maji hayo. Mwenye maji ya mvua katika tangi safi atumie hayo, na asiye nayo atumie ya kisima bila hofu.

Maji yakiisha kupoa, mama anawe mikono kwa sabuni, aishike chuchu kwa pete yake wala si kwa ncha iingiayo kinywani, na kuiminya ili maji yaliyobaki ndani yatoke. Asiipanguse kwa kitambaa. Kitambaa cha jikoni kimefuta meza, mikono, na pengine pua ya mtoto mwingine. Aiache ijikaushe yenyewe juu ya sahani safi, imefunikwa nzi wasiifikie.

Sasa twafika mahali ambapo kazi yote hiyo hupotea. Chuchu iliyochemshwa alfajiri hutiwa mfukoni mwa aproni pamoja na noti na sarafu, au hufungwa pembeni mwa leso, au hutupwa kikapuni juu ya sukumawiki, au huwekwa juu ya kabati bila kifuniko, ambapo mende hupita usiku. Ikifika kinywani imekwisha kugusa pesa zilizopita mikononi mwa watu mia. Kwa maoni yetu, mama mwenye uwezo wa kuchemsha mara moja tu kwa siku lakini ana mahali safi pa kuweka chuchu yake amemshinda yule achemshaye mara tatu na kuiweka mfukoni.

Kinachotakiwa si kitu cha bei. Ni kopo dogo la plastiki gumu au la kioo, lenye mdomo mpana na kifuniko kinachokaza, linaloweza kuoshwa kwa maji ya moto. Lisiwe lililowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia mimea au ya mifugo, hata kama limeoshwa mara kumi. Katika nchi ya wakulima makopo ya namna hiyo yamejaa kila boma, na dawa nyingine haziondoki kwa sabuni. Kopo la chuchu liwe la chuchu tu. Lioshwe kila siku na kukaushwa, na chuchu iingie ikiwa kavu, kwani unyevu ukifungiwa ndani huotesha ukungu. Msiiloweke katika kikombe cha maji kutwa nzima, kama wengine wafanyavyo wakidhani maji huisafisha. Maji yaliyotuama yenye mate ni bwawa la vijidudu.

Tena chuchu ziwe mbili. Ikianguka moja sokoni Wakulima au ndani ya matatu, mama huitia iliyoanguka katika mfuko wake wa peke yake, akatoa ya pili iliyo safi koponi. Hana haja ya kuomba maji kwa mwenye hoteli wala kuipangusa kwa leso. Jioni atachemsha zote mbili pamoja. Mtoto aliye chini ya miezi 6 zake zichemshwe kila siku, na kila iangukapo. Aliyepita umri huo huweza kuoshewa kwa sabuni na maji safi, ila katika miezi ya vumbi sisi twaona ni heri kuendelea kuchemsha.

Kopo hilo hufaa zaidi kwa mama anayefanya kazi mbali na nyumbani. Kandokando ya ziwa Naivasha wako wanawake wengi wa mashamba ya maua ambao, likizo yao ya uzazi ya miezi 3 ikiisha, huwaacha watoto kwa yaya au kwa jirani anayelea watoto kadhaa pamoja. Penye watoto sita pana chuchu sita, na zote hufanana. Moja huokotwa kinywani mwa huyu ikapewa yule, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Mama aandike jina la mtoto juu ya kopo kwa wino usiofutika, afunge uzi wa rangi kwenye kopo (kwenye kopo, si kwenye chuchu), na kumwomba mlezi kwa upole asizichanganye. Ajue pia kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri kutenga mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa.

Kuna jambo lingine gumu kidogo, kwa kuwa linahusu wakubwa wetu. Nyanya akiona chuchu imeanguka huitia kinywani mwake mwenyewe, akaifyonza, akampa mjukuu. Akiambiwa, hujibu kwamba ndivyo alivyowalea baba zao nao wakakua. Mwaka 2013 wataalamu wa Uswidi waliandika kwamba watoto ambao wazazi wao walisafisha chuchu kwa mate walionekana kupatwa kidogo na maradhi ya ngozi na pumu, basi wapo wanaomtetea nyanya kwa habari hiyo. Lakini watoto hao walikuwa wachache, na mate ya mtu mzima huchukua vijidudu vya kuozesha meno, na pengine vya kifua. Hatuoni sababu ya kubahatisha. Wala mkwe hana haja ya kubishana na mamaye mumewe. Aseme tu, "Mama, usijisumbue, nyingine iko hapa koponi," akaitoa. Maneno ya namna hiyo hayamvunjii mtu heshima.

Mazoea ya kuchovya chuchu katika asali au sukari yakomeshwe kabisa. Sukari huozesha meno yanapoanza kuota. Asali, hata ile nzuri itokayo Baringo, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa mara nyingine huwa na mbegu za kijidudu kinacholegeza viungo vya mtoto mchanga hata akashindwa kupumua, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa kwetu kwa kawaida.

Juu ya hatari ya kunyongwa tutasema machache, lakini yashikwe sana. Chuchu isifungwe kwa kamba shingoni mwa mtoto wala kwenye kitanda chake; watoto wamekufa kwa kamba hizo. Bamba lake liwe pana kuliko mdomo, lenye matundu ya kupitisha hewa. Kila asubuhi, kabla ya kumpa, mama aivute kwa nguvu kutoka pande zote. Ikiwa imepasuka, inanata, imebadilika rangi au ina alama za meno, aitupe siku hiyo hiyo, isije ikakatika ikamkwama mtoto kooni. Za mpira wa manjano huchakaa upesi kuliko zile nyeupe zinazoonyesha, na hata ionekanayo nzima ibadilishwe kila baada ya mwezi mmoja au miwili.

Mama akiona utando mweupe usiofutika ulimini au mashavuni mwa mtoto, ampeleke zahanati aonyeshe na matiti yake pia, na chuchu zilizotumika wakati huo zitupwe au zichemshwe kila siku mpaka dawa iishe. Mtoto akianza kuhara, chuchu iwekwe kando, anyonyeshwe mara nyingi zaidi kuliko desturi, na apelekwe zahanati mapema ili apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki. Macho yakididimia, au akikataa kunyonya, asingojewe hata kupambazuke.

Mtoto afikapo miezi 6 aanze kupunguziwa, apewe wakati wa kulala tu, kwani wanaonyonya chuchu kutwa huugua masikio mara nyingi kuliko wenzao. Akitimiza mwaka mmoja hivi, kopo laweza kuoshwa na kupewa kazi nyingine.