CHAMA CHA KUSOMA NA FAIDA YAKE

Mtu aliyejifunza kusoma shuleni, kisha asishike kitabu miaka mingi, amefanana na mkulima aliyetundika jembe lake ukutani. Jembe haliibwi, lakini huliwa na kutu.

Dawa ya kutu hiyo ni chama cha kusoma. Chama hakihitaji jumba kubwa wala fedha nyingi. Watu 8 au 10, kitabu kimoja au viwili, na mahali penye mwanga, vyatosha kuanza. Mmoja na asome kwa sauti kurasa chache, na wenzake wasikilize. Asiyejua kusoma asifukuzwe. Aghalabu mzee asiyejua herufi hupima maneno vizuri kuliko msomaji, kwa kuwa amezoea kusikiliza mashauri barazani.

Yafaa kuanza na kitabu cha zamani kidogo. Mathalan, Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, chaeleza habari za nchi inayoelea angani. Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea asimulia, mmoja baada ya mwingine, habari za wajumbe 6 waliotumwa nje kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi yao, nao waliporudi wakafungwa.

Hapo mazungumzo hupata moto. Mmoja atasema wakubwa walikuwa na haki kuogopa mambo mageni. Mwingine atawaita wadhalimu. Mwenyekiti asitoe hukumu. Aulize neno moja tu: “Umeyaona wapi kitabuni?” Msemaji hurudi kwenye ukurasa, akasoma tena, na pengine hutambua kwamba alikuwa akibishana na jirani yake, wala si na kitabu.

Baadaye kisomwe kitabu kipya zaidi. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, huwagusa wazazi penye kidonda. Zakaria, baba mlevi, ampiga binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa afikapo mbali na macho ya baba yake, apotea, na mwisho wake ni kifo. Akina baba watasema mzazi hana budi kumlinda binti yake. Akina mama huenda wakauliza ni nani aliyemfundisha Rosa mambo ya dunia kabla ya kumpiga.

Faida kubwa ya chama ndiyo hii. Neno ambalo mtu hawezi kulisema juu ya nyumba yake mwenyewe, huweza kulisema juu ya nyumba ya Zakaria. Na binti yake aliyeketi nyuma akalisikia.

Vitabu hivi vimepishana miaka 20, lakini vyote viwili vyauliza jambo moja: ni hasara gani huwapata watu wasiotaka kusikiliza? Chama kinachosoma kwa zamu na kuachiana nafasi ya kusema kimekwisha kuanza kujibu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini wajumbe wa Kusadikika walifungwa badala ya kushukuriwa?
2. Je, ukali wa Zakaria ulimlinda Rosa au ulimwangamiza? Onyesha ukurasa.
3. Ni habari gani njema iliyopata kukataliwa kijijini au mtaani kwenu, na kwa sababu gani?