Mwanafunzi Mwislamu Mbele ya Mtihani



Vijana wa Masasi na Newala walio kidato cha sita, na baadhi yao wameingia Ahmadiyya karibuni, huuliza: Isomwe dua gani ili mtu afaulu mtihani? Swali hili ni jema, kwani mwenye kuliuliza amekwisha kukiri kwamba msaada watoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini jibu lake lataka kufahamika vizuri. Wako walioacha kusoma wakitegemea dua, na wako walioacha dua wakategemea hirizi na karatasi za wizi. Wote wamepotea.

Kwanza: Kutafuta elimu ni ibada. Katika Sura Twaha (20:115) Mtume Mtukufu s.a.w. amefundishwa kumwomba Mola wake amzidishie elimu. Yeye aliyepewa elimu kuliko wanadamu wote ndiye aliyeamriwa aombe nyongeza. Basi sisi tutasemaje?

Wamisionari wa Kiingereza walifika Masasi mwaka 1876, na pamoja na kanisa wakajenga shule. Wazee wengi Waislamu waliwazuia watoto wao, wakichelea wasije wakabatizwa. Hofu yao ilikuwa na sababu, lakini hasara yake ilirithiwa na wajukuu. Leo Ndanda na Chidya ni shule za Serikali, hupokea vijana wa kila dini. Udhuru ule umekwisha.

Pili: Dua na juhudi havitengani. Sura An-Najm (53:40) yafundisha kwamba fungu la mtu ni lile alilolihangaikia. Seyidna Ahmad a.s. ameeleza kwamba kutumia njia alizoziweka Mungu hakupingani na dua, bali viwili hivi huenda pamoja.

Mtazame mkulima wa korosho. Hupalilia shamba, na mikorosho ichanuapo huipulizia salfa ili ubwiriubwiri usiangamize maua. Aliyeacha kazi hiyo, kisha mwezi wa Oktoba akasimama chini ya mti akiomba korosho, haombi, bali anafanya mzaha. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei. Hayo ni mavuno. Msimu wa kupulizia ni tangu siku ya kwanza ya kidato cha tano.

Nanyi wazazi, kumbukeni kwamba mtihani wa kidato cha nne, ulio mlango wa kidato cha tano, huangukia Novemba, katikati ya msimu wa korosho. Msimwondoe mtoto kwenye daftari lake akaokote korosho. Korosho za mwaka mmoja hulika zikaisha.

Tatu: Hirizi haifaulishi. Wako wafungao hirizi kiunoni, na wako wanywao kombe usiku wa kuamkia mtihani. Kurani Tukufu imeteremshwa isomwe, ifahamike na ifuatwe. Haikuteremshwa ioshwe sahanini ikanywewa. Kuitumainia hirizi ni kumshirikisha Mungu.

Nne: Karatasi ya wizi ni haramu. Mtume s.a.w. amemtoa mdanganyifu katika hesabu ya watu wake. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, humfutia matokeo aliyedanganya. Hata asipokamatwa, amekalia Chuo Kikuu kiti cha mwenzake. Na akiwa daktari, mgonjwa ndiye atakayelipa.

Ahmadiyya ina mfano ulio wazi. Dakta Abdus Salam, mtoto wa mji mdogo wa Jhang, alifanya mtihani wa Chuo Kikuu cha Punjab mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 14, akapata alama zilizopita za wote waliomtangulia. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, na katika karamu ya tuzo hiyo Stockholm alizitaja aya za Sura Al-Mulk. Sala haikumzuia kusoma, wala kusoma hakukumzuia kusali.

Basi, ewe mwanafunzi, fanya hivi. Amka kwa Tahajjud, na baada ya sala ya Alfajiri soma, maana akili imetulia. Jibu maswali ya mitihani iliyopita kwa kalamu na kwa saa, si kwa macho tu. Usiku wa mwisho lala. Katika chumba cha mtihani omba dua ya Nabii Musa a.s. (20:26-27), ya kupanuliwa kifua na kurahisishiwa kazi. Soma swali mpaka mwisho, kisha anza na lile ulijualo.

Na ukishindwa? Huenda jamaa zako wakasema umeshindwa kwa kuwa umeiacha njia ya wazee wako. Usitikisike. Mtihani ni kipimo cha masomo, si kipimo cha dini. Waweza kuurudia ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na dua yako haikupotea. Mwenyezi Mungu ajua wakati wa kuijibu.

Mwenyezi Mungu awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa, na awape moyo wa kuitumikia dini na nchi yao. Amin.