Udongo wa Kale katika Viroba na Madebe

Mwezi huu twapenda kunena habari ya jambo linalodharauliwa, yaani udongo uliokwisha kuzaa. Hapa Nkuhungu viwanja ni vidogo na mvua ni haba. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, nazo karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mboga hupandwa katika viroba, madebe na ndoo zilizopasuka. Mavuno yakiisha, wengi huumwaga udongo ule wakisema umekufa. Sisi twasema haukufa. Umechoka, na pengine umeugua, na mambo haya mawili yana dawa mbalimbali.

Tena udongo mpya hautoki hewani. Huchimbwa kando ya korongo au chini ya miti, na shimo linalobaki hupanuliwa na mvua ya kwanza. Mkoa wetu waijua adhabu ya ardhi iliyoharibika. Huko Kondoa mmomonyoko ulizidi mno, hata mwaka 1973 Serikali ikaanzisha kazi ya HADO, maana yake Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika nchi ile ipate kupona. Hatusemi ya kuwa ndoo za bustani ndizo zilizochimba makorongo ya Kondoa. Lakini nyumba ni nyingi, na kila nyumba ina jembe.

Basi kwanza tujue kama udongo umeugua. Ikiwa mnyanya ulinyauka ghafula hali majani yangali mabichi, kata shina karibu na ardhi, utumbukize ncha yake katika bilauri ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, ni mnyauko wa bakteria. Udongo huo usipandwe tena nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu wala viazi mviringo, maana yote ni ya ukoo mmoja. Tazama na mizizi pia. Mizizi iliyovimba mafundo yenyewe ina minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Lakini mkunde usihukumiwe upesi: vinundu vyake vimeshikizwa kando ya mzizi, hubanduka kwa kidole, na ndani ni vyekundu kidogo. Hivyo ni vyema, maana ndivyo vinavyoutilia udongo mbolea.

Udongo wenye minyoo tuuchome kwa jua, na miezi ya Oktoba na Novemba yafaa sana kwetu. Utandazwe unene wa shubiri moja, uloweshwe, ufunikwe kwa nailoni inayopitisha mwanga, na kingo zikandamizwe kwa mawe majuma manne hata sita. Nailoni nyeusi haileti joto la kutosha chini yake.

Udongo uliochoka tu una shida nyingine. Maji ya visima vingi huku yana chumvi, nayo hubaki chomboni kama ukoko mweupe. Ukwangue ukoko huo, kisha mimina maji mengi hata yatoke chini kwa matundu, mara mbili. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Wengine hupenda kutia majivu mengi. Twawasihi waache, kwa kuwa majivu huongeza ukali ule ule.

Kisha vunja madonge, ondoa mizizi mikubwa, na kwa ndoo mbili za udongo wa kale changanya ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa. Ya mbuzi haina shida kupatikana kwetu, ila ikiwa mbichi huunguza mizizi. Sisi wa nchi ya zabibu twamfahamu vema yule mtunza shamba katika Luka 13: kwa ajili ya mtini usiozaa aliomba mwaka mmoja na samadi, hakuomba shamba jingine.

Chombo kikae majuma mawili kikinyweshwa kidogo, ndipo upandwe mchicha kwanza. Ukisimama imara na kuwa kijani, zao la pili na liwe nyanya, kama udongo haukuwa na mnyauko. Ukiwa wa manjano, ongeza samadi, upande kunde.